Hedi ya Printa Inapogoma

Printa ya wino inapoonyesha kosa la hedi, haisemi kwamba wino umekwisha wala kwamba karatasi imekwama. Inasema imekipima kile kipande kinachorusha wino kwenye karatasi na kukikuta hakiko sawa. Taa inapepesa, kioo kidogo kinatoa namba, na mashine inakataa kila kazi, hata kutoa kopi. Ikizimwa na kuwashwa hutoa ukurasa mmoja, kisha kosa linarudi. Sikonge, ambako mwalimu huchapa mitihani ya darasa lake nyumbani na katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku hutoa orodha za wanachama, kosa la namna hiyo likidumu mtu hupanda gari kwenda Tabora mjini, kama kilomita 70 kaskazini, na huko anaweza kuambiwa anunue mashine nyingine. Wakati mwingine ushauri huo ni sahihi. Wakati mwingine umetolewa kabla mashine haijafunguliwa, na hapo aliyeshauriwa amenyimwa haki yake.

Hedi ni bamba dogo lenye mamia ya matundu, na kila tundu ni jembamba kuliko unywele wa binadamu mara kadhaa. Wino hurushwa kupitia matundu hayo kwa njia mbili. Mashine za Canon na HP hutumia moto: nyuma ya kila tundu kuna kipande kidogo kinachopashwa kwa umeme kufumba na kufumbua, wino unaokigusa unachemka, povu linavimba na kusukuma tone nje. Njia hiyo iligunduliwa Canon, Japani, mwaka 1977, pale chuma cha kulehemu chenye moto kilipogusa sindano iliyojaa wino na wino ukaruka. HP ikaingiza sokoni printa yake ya ThinkJet mwaka 1984. Epson wamekwenda njia nyingine, ya fuwele inayojikunja inapopitishiwa umeme na kuusukuma wino bila kuuchemsha. Hedi ya moto huchakaa na inaweza kuungua; ya fuwele hudumu zaidi, lakini imefungwa ndani ya mashine na bei yake ni kubwa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hedi imekaa wapi. Katika printa nyingi ndogo za HP imo ndani ya katriji yenyewe, na anayebadilisha katriji amebadilisha hedi. Katika baadhi ya Canon zenye katriji ya kila rangi peke yake, hedi ni kipande cha pekee kinachoinuliwa kwa mkono baada ya kufungua kishikio chake. Katika Epson za matangi, zile zilizojaa kwenye maduka ya kuchapa na kutoa kopi, haitoki bila bisibisi na fundi. Asiyejua anayo ipi anaweza kununua hedi ambayo hakuihitaji, au kuing'oa isiyong'oleka.

Chanzo kikubwa cha maradhi haya ni ukavu. Wino wa printa za nyumbani kwa kawaida ni maji yaliyotiwa rangi, na maji hukauka. Kuanzia Mei hadi Oktoba Unyamwezi, eneo hili la Tabora na Sikonge, haipati mvua ya maana. Hewa inakuwa kavu, na vumbi linaingia hata penye madirisha yaliyofungwa. Watengenezaji waliliona jambo hilo mapema, wakaweka kifuniko laini cha mpira pembeni mwa mashine. Kazi ikiisha, hedi hurudi pale na kufunikwa isipigwe na hewa. Lakini hurudi kwa amri ya mashine yenyewe, kwa hiyo sharti mashine izimwe kwa kitufe chake na kuachwa imalize. Anayezima ukutani hedi ikiwa katikati ya safari anaiacha wazi, na umeme unapokatika ghafla matokeo ni yale yale. Dawa ya hilo la pili ni rahisi: umeme ukirudi, mashine iwashwe, ijipange, kisha izimwe kwa kitufe. Wengi huchomoa waya kwa nia njema ya kubana matumizi ya umeme, na kumbe hedi ndiyo inayolipa gharama.

Uchunguzi uanze na visivyogharimu kitu. Mashine izimwe, ichomolewe kwenye umeme na iachwe kwa muda, kisha iwashwe ikiwa imechomekwa ukutani moja kwa moja, si kwenye soketi ya kuunganisha iliyobeba vitu vingi. Katriji zitolewe na kurudishwa hadi zisikike zimekaa. Hedi inayotoka itolewe pia. Nyuma yake kuna vidoti vya rangi ya dhahabu vinavyopitisha umeme, na vingine kama hivyo vimo ndani ya kitoroli kinachoibeba. Tone moja la wino juu yake linatosha kuifanya mashine iamini hedi imekufa. Vifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti kidogo, kisha vikauke kabisa. Hedi iliyorudishwa ikiwa na unyevu inaweza kuungua mara umeme unapoingia, na hapo kosa dogo linakuwa kubwa.

Kuna pia kosa linalosingiziwa hedi. Nyuma ya kitoroli umepita ukanda mwembamba wa plastiki angavu wenye mistari midogo mno. Mashine huisoma mistari hiyo ili ijue hedi imefika wapi. Ukanda ukipakwa wino au grisi, kitoroli kinagonga ukingoni au kinasimama njiani na kosa linatokea. Ufutwe taratibu kwa kitambaa chenye unyevu bila kuvutwa.

Kama hedi inafanya kazi lakini herufi zina michirizi au rangi moja haitoki, hapo matundu yameziba. Agizo la kusafisha lililomo ndani ya mashine lijaribiwe mara mbili au tatu, na baada ya kila mara ichapwe karatasi ya majaribio. Isipobadilika, mashine ipumzike usiku kucha. Kurudia agizo hilo mfululizo humaliza wino, na wino huo huishia kwenye sponji ya chini ambayo nayo ikijaa mashine hufunga kazi kwa kosa jingine. Hedi inayotoka inaweza kuwekwa juu ya kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, upande wa matundu ukiwa chini, hadi wino mkavu ulainike. Maji ya kisima hayafai, kwani chumvi zake hubaki kwenye matundu. Yanayofaa ni maji ya betri yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri, ila mnunuzi asome chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa kwenye meza hiyo hiyo na ni hatari kwa macho na ngozi.

Mafuta ya taa na petroli vikae mbali kabisa. Wachapaji wa zamani waliotumia herufi za risasi, kama wale wa kiwanda cha misheni cha Kipalapala karibu na Tabora, walifanya kazi na wino wa mafuta, na wino huo huoshwa kwa vitu vya jamii ya mafuta ya taa. Wino wa printa ya nyumbani ni wa maji, na mpira wa kifuniko chake huharibiwa na petroli.

Yote hayo yakifanyika na namba ikabaki ile ile, mara nyingi tatizo ni la umeme. Kwenye printa nyingi za Canon, kwa mfano, kosa B200 linahusu volti za hedi zilizotoka nje ya kiwango, na mzunguko ulioungua haurudishwi na maji wala spiriti. Bodi kuu nayo ipimwe kabla ya kununua hedi mpya, kwa sababu bodi mbovu inaweza kuunguza hedi ya pili siku ile ile. Fundi mwaminifu humwambia mteja hilo kabla ya kupokea pesa, hata kama ukweli huo unampotezea kazi ya siku.

Bei ya hedi ikikaribia bei ya mashine, isinunuliwe. Nyumba inayochapa kila wiki itahudumiwa vizuri na printa ya matangi, mradi angalau ukurasa mmoja wenye rangi zote utoke kila wiki. Nyumba inayochapa mara chache kwa muhula inafaa kununua printa ya leza. Hiyo hutumia unga, na unga haukauki.