Je, Mwanamume Mwenye Huzuni Aende kwa Tabibu?

Huulizwa katika majumba ya Waswahili wa Ghuba: mwanamume aliyeshikwa na huzuni isiyomwachia, usingizi ukampotea na chakula kikamchukiza, akienda kwa tabibu wa nafsi huwa amepungukiwa na imani?

Wengi husema astahimili, ndio uanaume. Kauli hiyo haina asili. Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, na unabii wake haukupungua. Alimshitakia Mola wake huzuni yake, kisha akawaamrisha wanawe wakamtafute Yusuf. Dua haikumzuia kushika sababu.

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliigawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu ijulikanayo, nayo hutibiwa kwa maneno, na isiyojulikana sababu, ambayo asili yake imo mwilini, nayo hutibiwa kwa dawa. Matabibu wa leo nao hutumia mazungumzo na dawa, pengine vyote pamoja.

Limebaki suala la siri, nalo ndilo zito, kwani mgonjwa huchelea kuwataja mkewe na nduguze mbele ya mgeni. Lakini sharia imemruhusu kumfunulia tabibu uchi wake kwa dharura. Basi vipi imkataze kumfunulia dhiki ya moyo? Aseme kwa kadiri ya haja, na tabibu ameshika amana. Na mke amwonaye mumewe amejifungia chumbani miezi, asimwambie "sali tu", hali sala haachi. Afuatane naye hospitali, hata majirani wakiuliza.