Kukaa kwa Msimu

Mtu akitaka kujua makazi yako, Kiswahili humpa swali fupi: "Unakaa wapi?" Ni neno lile lile tunalomwambia mgeni tunapomsogezea kiti. Tangu nistaafu neno hili halinitoki kichwani, kwa kuwa nafikiria kukaa Lamu miezi minne ya kila mwaka na iliyobaki nirudi kwangu bara. Je, hiyo nayo ni kukaa?

Tuanze na kustaafu kwenyewe. Neno limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni kuomba kuachiliwa, kusamehewa. Mstaafu, basi, ni mtu aliyesamehewa kazi. Amepewa nini badala yake? Wengi hujibu kwamba amepewa wakati. Mimi nasita. Wakati alikuwa nao hata alipokuwa ofisini. Alichokosa ni mamlaka juu yake. Nayo mamlaka hayo yakija ghafla huja na hofu, maana siku isiyodaiwa na mtu haina umbo. Huenda ndiyo sababu wengi wetu tukizeeka hutamani kukaa karibu na maji. Bahari hujaa na kupwa, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, hata haipatani kabisa na saa ya ukutani. Siku hupata umbo bila ya mtu kupigiwa kengele.

Na kutembea kwa miguu je? Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, vichochoro vyake havipitishi gari. Mizigo hubebwa na punda na mikokoteni. Mwanzoni nilidhani faida yake ni afya ya magoti. (Anayesema mji wa miguu unawahurumia wazee hajapanda ngazi za nyumba za kale za mtaa wa Mkomani.) Lakini nilipozoea Usita wa Mui, ile njia kuu inayopita katikati ya mji, niliona jambo jingine. Ukiwa ndani ya gari unaweza kumpita jirani miaka kumi usimjue sauti. Penye kichochoro ambamo punda akija na mzigo wa matumbawe huna budi kujibanza ukutani pamoja na mtu usiyemjua, mtaamkiana tu. Na mbele ya milango kuna baraza za mawe, zimejengwa ili watu wakae. Hapo maana mbili za neno letu zinakutana: anayekaa mjini ni yule anayekaa barazani.

Kwa hiyo ninaposema makazi sina maana ya paa. Makazi ni mahali ambapo usipoonekana siku mbili, mtoto hutumwa kuja kukuulizia.

Hapa ndipo penye ugumu. Nisipoonekana miezi minane, nani atamtuma mtoto?

Mtu anaweza kunijibu kwamba pwani hii ilijengwa na watu wa msimu. Ni kweli. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi kuanzia Desemba, na mabaharia na wafanyabiashara wakangoja kusi iwarudishe kwao. Kati ya pepo hizo mbili walikaa miezi, wakakopa na kukopesha, wakaswali safu moja na wenyeji, wengine wakaoa. Ukaaji wa nusu mwaka, basi, si uzushi wa wastaafu. Nilifurahia hoja hii kwa siku kadhaa, mpaka nikaona kasoro yake. Mfanyabiashara yule alifungwa na upepo. Hakuweza kuondoka hata mji ukimchosha. Tena mji ulimhitaji. Mimi nitaondoka nitakapo, na ninacholeta ni pensheni.

Shela, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu kutoka mjini, ziko nyumba nzuri zilizonunuliwa na watu wa Ulaya, nazo hukaa zimefungwa sehemu kubwa ya mwaka. Siwalaumu kwa kupenda mahali. Ila mlango uliofungwa huiua na baraza yake, na nyumba yenye ngazi na madaka ya kuchonga ikabaki kuwa sanduku la kuhifadhia likizo. Kumiliki kunaweza kufanyika kwa mbali. Kukaa hakuwezekani.

Nilimweleza haya mzee mmoja wa mtaa wa Langoni ambaye huniachia nafasi barazani pake. Alisikiliza, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huku kwetu utazika?" Hakuuliza nitazikwa wapi. Alitaka kujua kama nitabeba jeneza la jirani, au kama nikiwa bara nitapiga simu kutoa mkono wa pole. Sikuwa na jibu siku ile. Sasa naona swali lake ndilo kipimo chenyewe, na kwamba miezi ni hesabu ndogo mbele yake: wapo wanaokaa mwaka mzima na hawamziki mtu.

Mwaka jana niliposhuka gatini, waliniambia, "Umekuja?" Bado hakuna aliyesema, "Umerudi?"

Nyumba niliyooneshwa sikuinunua. Nimepanga vyumba viwili Langoni, Desemba hadi Machi, na namba za simu za majirani wanne nimeziandika kwenye daftari.