Je, kumuuliza mgeni jina ni kumkosea heshima?

Siku hizi mjini Lubumbashi kuna watu wanaopangisha chumba chenye vyombo kwa siku mbili ao tatu. Mgeni anapiga simu, analipa, anafika. Mwenyeji akimwomba kadi, wengine wananungunika: "Huo si utamaduni wetu. Mgeni anapokelewa, haulizwi."

Tukumbuke vizuri. Wazee wetu walitoa kwanza kiti na maji, kisha waliuliza: "Unatoka wapi? Uko mtoto wa nani? Ukoo gani?" Kwa Wabemba, jina la ukoo liliweza kumpatia mgeni ndugu katika kijiji asichokijua. Na mwenyeji naye alijitambulisha. Kuuliza kulikuwa mlango wa undugu.

Basi, kuuliza si kosa. Katika ile parsele kuna watoto na majirani ambao hawakupokea hata franka moja ya mgeni. Mwenyeji anajibu pia kwa ajili yao.

Lakini kadi si utu. Kwetu Kongo, kadi ya mpiga kura ndiyo imetumika miaka mingi kama kitambulisho. Na sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru watu hawakuandikishwa mwaka 2023 sababu ya vita. Mtu wa kule akifika mikono mitupu, je, ni mwizi? Tumwombe mtu anayemjua amshuhudie, kama zamani.

Kwa hiyo tuulize, ndugu wasomaji, lakini tuulize wote sawasawa, bila kuchagua kabila wala nguo. Kadi tuisome na kuirudisha palepale. Na kiti kitangulie.