Deni la Mwalimu Ahamaye

Mwaka jana nilijiwa nyumbani na mwalimu wa kike ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Aliniamkia, akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akatoa karatasi mkobani. Alijifunza ualimu wa elimu maalumu katika chuo cha Patandi, kule Tengeru, Arusha, na baada ya hapo alifundisha watoto viziwi kwa muda wa miaka minane. Mume wake alikuwa amepata kazi Uingereza, naye alitaka kumfuata pamoja na watoto wao wawili. Kila shule aliyoiandikia huko ilitaka barua ya mtu amjuaye kwa tabia na kwa kazi. "Mwalimu," alisema, "sina mwingine wa kumwomba." Nilimtaka aniachie siku tatu. Barua yenyewe ilikuwa ya nusu ukurasa tu, wala haikuhitaji neno la kutafutwa. Kilichonichelewesha kilikuwa kingine: niliogopa kuwa kwa kalamu yangu mwenyewe nilikuwa nikiwanyang'anya watoto kumi na wanne mwalimu wao.

Katika siku tatu hizo niliyafikiri haya ninayoyaandika. Swali lilikuwa moja. Mtu akipata ujuzi ambao wachache wanao na wengi wanauhitaji, je, ujuzi huo ni wake, autumie apendapo, au ni amana aliyowekewa na wale wanaouhitaji?

Jibu la haraka, na ndilo lisemwalo sana, ni kuwa mwalimu aliyesomeshwa kwa fedha ya umma ni mdeni wa umma. Sikatai, ila naona kuwa hoja hii ni nyepesi kuliko sauti yake. Deni la fedha lina kipimo, na kila chenye kipimo huweza kulipwa. Aliyesoma kwa mkopo hurejesha mkopo. Aliyefunga mkataba wa kutumikia miaka kadhaa huitumikia. Hesabu ikafungwa, akaaga. Tena, kama shida ni fedha, basi mhasibu na mhandisi nao wana deni lile lile, wala sijapata kumwona mtu akikosa usingizi kwa kuwa mhasibu amehamia Toronto. Linalotuuma juu ya mwalimu wa viziwi haliko katika daftari la hazina.

Liko hapa. Watoto walio wengi kati ya viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Nyumbani mtoto hupendwa, hulishwa, huvikwa, lakini aghalabu hana wa kuzungumza naye. Huonyeshwa chakula, huonyeshwa maji, huonyeshwa fimbo. Pengine hufika shuleni ana miaka saba au kumi, na lugha yake yote ni ishara chache zijulikanazo na mama yake na dada yake. Mwalimu wa darasa la kwanza huweza kuwa mtu mzima wa kwanza aliyemwuliza swali akangoja jibu. Huyo hafundishi somo kama mimi nilivyofundisha masomo yangu. Mimi nikihama, mwanafunzi hupata kitabu au mwalimu mwingine, pengine bora kuliko mimi. Yeye akihama, mtoto ambaye ameanza jana kujua kuwa kila kitu kina jina hubaki na jina la kitu bila mtu wa kumwambia. Deni la namna hii halina risiti, wala hakuna ofisi ya kulipokea.

Nilipofika hapo nilikuwa karibu kukataa kuandika. Kilichonizuia ni habari ya mtu mmoja wa kale.

Laurent Clerc alizaliwa Ufaransa mwaka 1785, akawa kiziwi tangu utoto. Alisoma katika shule ya viziwi ya Paris, kisha akawa mwalimu papo hapo. Mwaka 1816 Thomas Hopkins Gallaudet, Mmarekani aliyetumwa Ulaya kujifunza namna ya kufundisha viziwi, alimwomba wafuatane kwenda Marekani. Mkuu wa shule hakupenda kumwachia, na mama yake alimsihi abaki. Clerc alikwenda. Mkataba wake ulikuwa wa miaka mitatu. Walikaa baharini siku 52, na njiani kila mmoja alikuwa mwalimu wa mwenziwe, huyu akifundisha Kiingereza na yule akifundisha ishara. Aprili 1817 wakafungua shule katika mji wa Hartford. Clerc alirudi kwao kwa matembezi tu. Alikufa Marekani mwaka 1869, na ile miaka mitatu ilikuwa imekuwa hamsini na mitatu. Herufi za vidole alizokwenda nazo zilienea Marekani yote, na kutoka huko zikaja mbali. Leo mtoto kiziwi wa Kenya aandikapo jina lake hewani kwa mkono mmoja, herufi zake kwa sehemu kubwa ni zile zile. Nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya alama kuwa moja ya lugha tatu rasmi za Bunge ina deni dogo kwa mtu aliyeacha darasa lake Paris.

Je, Clerc alitenda vema? Karibu kila aijuaye habari yake husema ndiyo, nami nasema ndiyo. Lakini katika niliyoyasoma sikukuta neno juu ya mtoto wa Paris aliyeingia darasani asubuhi moja akamkosa. Sifa huandikwa na wale waliofikiwa, na walioachwa hawana mwandishi.

Sisi wenyewe tu miongoni mwa waliofikiwa. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa mwaka 1946 na Jeshi la Wokovu, watu wa kuja. Mwaka 1957 Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alifungua shule Accra, akaendelea kufungua nyingine katika nchi nyingi za Afrika hata alipokufa kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Wapo wanaomlaumu kuwa ishara za Kimarekani alizozileta zilizifunika ishara za wenyeji, na lawama hiyo si ya kupuuza. Hata hivyo, tuliopokea walimu waliohama kwao tutasimama wapi kumkataza wa kwetu asihame?

Nikajijibu kuwa tofauti ipo, nayo ni njia iendako. Clerc alitoka katika mji ambao shule yake ilikuwa imesimama zaidi ya miaka hamsini, ikiwa na walimu wengine, akaenda pasipo na shule. Mwanafunzi wangu anatoka penye upungufu kwenda penye wingi. Jibu hili lilinipendeza kwa muda wa usiku mmoja. Asubuhi nililiona lina pengo. Mtoto mwenye usonji au asiyesikia katika mji wa Leeds hashibi kwa utajiri wa nchi yake. Akikosa mwalimu amekosa, kama wa Tabora alivyokosa. Haja ya mtoto haipungui kwa sababu barabara ya kwao ina taa. Kinachopungua ni idadi ya wale wawezao kuja baada ya mwalimu mmoja kuondoka, na hicho ni kitu cha nchi kutengeneza, kwa mshahara, nyumba na heshima. Sioni haki ya kumfanya mwanamke mmoja awe kiraka cha pengo ambalo wakubwa wameliacha wazi, tena kwa gharama ya ndoa yake na watoto wake. Tukimwambia abaki, tumwambie pia ni nani mwingine aliyeambiwa.

Aliporudi siku ya tatu nilimwuliza kama anajua aendako. Nilitaka kumtisha kidogo, naungama. Nilimwambia kuwa mikono yake itakuwa bubu kule. Lugha ya alama ya Uingereza, ambayo sheria ya nchi hiyo iliitambua mwaka 2022, si yetu wala si ya Marekani; hata herufi hufanywa kwa mikono miwili. Mwalimu wa wasioona angepona kwa sehemu, maana nukta sita za Louis Braille ni sita popote. Mwalimu wa viziwi huanza upya kama mtoto. Nilimwambia kuwa England humtaka mwalimu wa darasa la viziwi awe na sifa ya ziada juu ya ualimu wake, naye hupewa miaka mitatu ya kuipata. Na kuwa walipofungua mlango mpya wa kutambua vyeti vya walimu wa nje, Februari 2023, orodha ya kwanza ilikuwa na nchi na maeneo tisa, Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe zikiwamo, Tanzania na Kenya zikikosekana.

"Najua, Mwalimu," alisema. "Nitaanza kuwa msaidizi wa darasani. Nitakaa nyuma nijifunze mikono yao."

Niliona haya. Mtu aliye tayari kushuka kutoka ualimu hadi usaidizi ili asiiache kazi hakimbii wito. Nilibakiwa na neno moja tu la kumwuliza: utaondokaje? Mwaka 2004 serikali za Jumuiya ya Madola zilipatana huko Uingereza juu ya uajiri wa walimu kutoka nchi moja hadi nyingine, na mojawapo ya mambo waliyoyaona ni ubaya wa kumwondoa mwalimu katikati ya mwaka wa masomo. Waliyasema hayo juu ya serikali na mawakala. Mimi naona yanamhusu zaidi mwalimu mwenyewe, kwa kuwa ndiye ajuaye mtoto gani amefika wapi. Kama ujuzi ni amana, sehemu yake kubwa haimo katika cheti anachosafiri nacho. Imo katika mambo madogo ayajuayo yeye peke yake, kuwa huyu huogopa mlango ukifungwa, na yule hutumia ishara ya mbuzi kumaanisha nyumbani. Hayo hayatakuwa na thamani yoyote Leeds. Kuondoka nayo ni kuiba bila faida.

Niliandika barua. Alingoja hadi Desemba, muhula ukaisha, ingawa mume wake alikuwa ametangulia tangu Agosti. Daftari aliloliacha lina kurasa sitini na moja, watoto kumi na wanne, kila mmoja na jina lake la alama limechorwa kwa penseli. Mwalimu mkuu alinionyesha nilipopita shuleni mwezi wa Machi. Amelifungia kabatini lisipotee, akimngoja mwalimu wa kumkabidhi, na nilipoondoka alikuwa bado hajaletewa.