Mwenye Zizi

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanachuo wangu methali hiyo, nikaeleza ukaidi wa mafahali na ufinyu wa zizi. Sikuwahi kuona kwamba methali imemwacha nje mtu mmoja: mwenye zizi, aliyewafungia humo wote wawili.

Hilo nimelijua uzeeni, nalo nimefundishwa na samaki. Nilipostaafu nilinunua tangi la kioo la lita 80, nikafuga gapi, samaki wadogo ambao asili yao ni Trinidad na pande za kaskazini za Amerika ya Kusini. Dume hafiki urefu wa kidole kidogo cha mkono, lakini mkia wake ni kama kanga iliyotandazwa. Nikaona tangi limepwaya, nikaongeza samaki wanne wenye milia myeusi, wa jamii ya babi. Muuzaji alisema hawali wenzao, na hakusema uongo. Siku ya tatu mikia ya madume ilikuwa matambara. Babi hao hudonoa mapezi marefu yanayopepea mbele yao, na wakiwa wachache, bila kundi lao, huzidi uchokozi.

Nilishika wavu kwa hasira, nikawaita wakorofi. Neno hilo likanirudisha mbali.

Mwaka 1989, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimpanga kijana mpole mwenye kigugumizi katika chumba cha vijana watano machachari. Mlezi wa bweni alinishauri nimweke kwingine. Nikamjibu, "Mwache, atachangamka." Wiki ya sita kijana aliondoka usiku na sanduku lake, asirudi tena. Nikawaita wale watano wakorofi, wakafyeka majani majuma mawili, nami nikafunga jalada. Orodha ya vyumba ilikuwa na sahihi yangu. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza.

Msomaji ataniambia kwamba watu si samaki. Ni kweli. Babi hajui atendalo. Vijana wale walijua, na adhabu waliistahili. Lakini hatia si mkate, hata kipande alichochukua mmoja kimpunguzie mwingine. Kosa lao halikulifuta langu.

Tena yapo madhara yasiyo na mkorofi. Neoni tetra ni samaki mpole sana, lakini kwao ni mito ya Amazon, yenye maji laini na uchachu kidogo. Gapi hustawi katika maji magumu yenye madini. Ukiwaweka pamoja hakuna atakayemdonoa mwenziwe, ila mmoja wao ataishi katika maji yasiyo yake. Na gapi mwenyewe si malaika. Dume humsumbua jike kutwa nzima, ndiyo maana inafaa kila dume awe na majike wawili au watatu. Na mzazi humla mwanawe asipokuwa na majani ya kujificha.

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria hatukuhitaji tangi ili tulijue hili. Sangara aliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zinatoweka. Twamlaumu sangara kwa ulafi, naye hakuja kwa miguu yake.

Je, kila mmoja atengwe na aina yake? La. Vyuo vyetu viliwachanganya vijana wa makabila na dini zote, na likawa jambo jema. Nisemalo ni kwamba anayepanga awajue anaowapanga: maji yao, vinywa vyao, na mahali pao pa kujificha. Kisha asiondoke. Akae aangalie, na awe tayari kuubadili mpango wake kabla ya kumtafuta mkorofi.

Babi niliwahamishia tangi lao, sasa wako wanane na wanachokozana wenyewe kwa wenyewe. Gapi nimewapa plati, ambao maji yao ni mamoja, na mikia yao imeota upya. Yule kijana nilimwandikia barua kwa anwani ya zamani ya kijijini kwao, nikamweleza kwamba orodha ile niliiandika mimi. Haikujibiwa. Simlaumu.