Nilijua Jina la Gorila



Mwaka jana, baada ya hija ya Namugongo ya Juni 3, sikurudi moja kwa moja nyumbani Kambarage, Shinyanga. Frateri mwenzangu wa Uganda alinialika kwao Kisoro, karibu na msitu wa Bwindi. Kwa kweli nilitamani kuona gorila. Ada ya kibali ikanishinda, basi nikaishia kusoma vipeperushi. Humo nikakuta kwamba makundi ya gorila yana majina: Mubare ndilo la kwanza kufunguliwa kwa watalii, mwaka 1993.

Kesho yake tulipita kwa Wabatwa, pembeni ya msitu. Wazee wao waliishi humo vizazi na vizazi, wakiwinda na kurina asali. Mwaka 1991 msitu ukafanywa hifadhi ya taifa, nao wakatolewa. Nikamwona mzee mmoja amekaa nje, msitu nyuma yake. Picha safi! Nikatoa simu, nikapiga. Mzee akasema kitu, rafiki yangu akatafsiri: "Anasema, mjukuu wangu, mbona hujanisalimia?"

Niliona aibu. Kwetu Usukumani, kumpita mzee bila salamu ni kukosa malezi. Na darasani niliwahi kujibu vizuri sana swali la Kant, kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu. Kwenye karatasi nilifaulu. Kisoro nilifeli. Jina la kundi la gorila nililijua. La mzee sikuuliza.

Je, kosa ni kuwapenda wanyama? Hapana. Gorila wa milimani wamebaki elfu moja na kidogo duniani, nao ni viumbe wa Mungu. Lakini Papa Fransisko, katika Laudato Si' (2015), alitufundisha kusikia kilio cha dunia na cha maskini kwa pamoja. Inawezekana. Shinyanga, tangu mradi wa HASHI ulipoanza 1986, miti imerudi kwenye ngitili, na walinzi wake ni wenyeji wenyewe.

Niliifuta ile picha. Nikakaa chini, nikamsalimia, nikamuuliza jina. Tuliongea juu ya asali mpaka jioni.

Kijana mwenzangu, ukisafiri likizo hii, toa salamu kabla hujatoa simu. Mungu anayekuita wewe kwa jina, anamwita na huyo pia.

Ee Bwana, tufundishe kuona. Amina.