Daftari la Msiba na Daftari la Mtaa

Mtu akifariki usiku katika mtaa wowote wa Singida mjini, jua halichomozi juu ya majabali kabla vijana hawajajua turubai litatoka wapi. Masufuria makubwa yanatoka kwa huyu, mikeka kwa yule. Sululu na sepetu zinakusanywa nyumba kwa nyumba, maana ardhi ya huku ni ya mawe na kaburi halichimbiki kwa jembe peke yake. Pembeni ya mlango, juu ya kimeza kilichofunikwa kitenge, pana daftari la shule lenye mistari iliyopigwa kwa rula: jina, ahadi, taslimu. Anayeliandika si mtu wa cheo. Ni kijana mwenye mwandiko unaosomeka na ambaye hajawahi kusemwa kwa udokozi. Baada ya maziko, watu wakiwa wametulia, anasimama mmoja na kusoma: kilichoingia, kilichonunua jeneza, kilichonunua unga na mafuta, nauli ya ndugu waliotoka Kiomboi, kilichobaki. Hakuna sheria inayomlazimisha kusoma. Lakini asiposoma, mtaa mzima utajua kuna jambo.

Majirani hao hao, wiki chache baadaye, wanaitwa kwenye mkutano wa mtaa. Tangazo limepita tangu jana kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye pikipiki. Ajenda ni mtaro, taka na ulinzi wa usiku. Saa nne iliyotajwa inafika. Mwenyekiti yupo, afisa mtendaji yupo, madawati yameazimwa shuleni. Waliokaa ni wazee wachache waliozoea kuwahi na kinamama waliosogea kwenye kivuli cha mwarobaini. Saa tano mwenyekiti anatazama barabarani. Saa sita kasoro mtendaji anahesabu vichwa kwa kalamu, anarudia kuhesabu, kisha mkutano unaahirishwa kwa sababu akidi haikutimia. Wale waliochimba kaburi katika jua la mchana wako wapi? Hawajahama. Mmoja yuko kijiweni, mwingine anachambua vitunguu, mwingine amelala tu.

Jawabu la haraka ni kwamba watu wamekuwa wavivu, au kwamba ustaarabu wa zamani umekwisha. Lakini jawabu hilo linasutwa na msiba wenyewe. Watu wavivu hawapasui mawe alfajiri kwa ajili ya jirani ambaye pengine walikuwa hawaelewani naye. Watu waliokwisha ustaarabu hawahangaiki ili mgeni wa msiba asilale bila shuka. Uwezo wa kujipanga tunao, na wakati tunao pia. Kinachofaa kuulizwa ni kwa nini uwezo huo unaamka turubai linapofungwa na kusinzia turubai linapofunguliwa.

Si kwamba mkutano wa mtaa ni kitu kidogo kisheria. Sheria mbili za mwaka 1982, Namba 7 kwa mamlaka za wilaya na Namba 8 kwa mamlaka za miji, ndizo zilizojenga ngazi tunazoziishi leo, na Katiba katika ibara ya 146 inasema bayana kwamba serikali za mitaa zipo ili madaraka yawafikie wananchi. Kijijini, mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Haumuulizi mtu ana shamba ekari ngapi, amesoma hadi wapi wala ana kadi ya chama gani, na miongoni mwa haki zake ni kupewa taarifa ya mapato na matumizi. Mjini nako, mkutano wa mtaa ndiyo ngazi ambayo mama muuza dagaa anaweza kumuuliza kiongozi swali ana kwa ana na kiongozi akalazimika kujibu, au angalau kukohoa.

Ila mazoea hayafuati sheria kila mara. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ilileta nyumba kumi kumi, na balozi wake akawa msuluhishi wa ugomvi wa uzio na wa ndoa, na wakati huo huo jicho la chama katika kila uchochoro. Mwaka 1972 halmashauri zikavunjwa na maamuzi yakahamia kwa watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani. Kikaja kipindi cha vijiji, na wengi wa wazee wetu wakahamishwa kwenda kuishi mahali ambapo hawakupachagua. Ziliporudishwa halmashauri miaka ya 1980, na vyama vingi vikarudi mwaka 1992, tayari vizazi viwili vilikuwa vimejifunza jambo moja kuhusu mikutano: unaitwa kwenda kuambiwa. Unaambiwa mchango ni kiasi gani, mwisho ni lini, na asiyetoa atafanywa nini. Tangu hapo tumepiga kura za mitaa mara kadhaa, ya karibuni ikiwa tarehe 27 Novemba 2024. Kura hubadili anayekaa mezani. Haibadili peke yake maana ya kuitwa.

Msibani hatuitwi kwenda kuambiwa, na hapo ndipo tofauti ilipo. Kwanza, msibani kutokuwepo kwako kunaonekana. Mtu atauliza, bila chuki, mbona fulani hatujamwona, naye fulani akisikia atakuja hata na kuni tatu. Mkutanoni anayeonekana ni mwenyekiti peke yake; sisi wengine tukikosekana tunakuwa tarakimu iliyopungua kwenye akidi. Pili, msibani asiye na fedha hakosi nafasi. Atachota maji, atapokea wageni, atakaa na mgonjwa aliyezidiwa na kilio, na hayo yote yanahesabika ingawa hayaandikwi. Mkutanoni mara nyingi tunamtambua mtu kwa mchango wake wa taslimu, na asiyekuwa nao anajifunza kujificha. Tatu, msibani kila aliyetoa anasikia jina lake likisomwa na anajua mia yake imekwenda wapi kabla hajalala.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaipenda methali hiyo tunapozungumzia biashara, lakini pengine ilikuwa inazungumzia heshima. Kinachopotea kwanza si fedha. Ni ile hali ya mtu kuamini kwamba jirani yake anamwona kuwa mwenzake, anayestahili kuelezwa. Utawasikia watu wakilalamika kwamba zile fedha za ulinzi za mwaka jana hazikusomwa. Ukikaa nao vizuri utagundua kwamba hawamtuhumu mtu kwa wizi. Huenda kila shilingi ilikwenda kwa mgambo kama ilivyopangwa. Wanachodai ni kusomewa. Je, ni dai kubwa mno?

Ipo sababu nyingine ambayo ni ngumu kuikiri, kwa kuwa inatuhusu sisi zaidi kuliko viongozi. Kifo kinazunguka kila nyumba, leo kwangu kesho kwako. Mtaro hauzunguki. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja, na ikinyesha kwa nguvu juu ya ardhi iliyokauka miezi mingi, maji hushuka kwa pupa kwenda kwa walioko bondeni. Aliye kwenye mwinuko, karibu na majabali, huamka akakuta ua wake umeoshwa vizuri. Kumwambia huyu aje kuchimba mtaro ni kumtaka aumie kwa jambo ambalo halitamfika kamwe. Msiba unatudai huruma kwa yatakayotupata. Mtaro unatudai huruma kwa yasiyotupata, na hapo ndipo tabia ya mtu inapopimwa kwa mizani iliyo sawa.

Na hata hilo la yasiyotupata, tukilitazama kwa utulivu, linaanza kuyumba. Mji wetu umekaa baina ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Maji yake ni ya chumvi, na hakuna mto unaoyatoa hapo kwenda kwingine. Kinachoingia kinabaki, kinakauka au kinazama. Mfuko wa plastiki uliotupwa mtaroni mwezi wa kwanza hausafiri kwenda kuwa tatizo la mkoa mwingine. Unakwenda kukaa pale pale tunapowapeleka wageni jioni kuwaona heroe. Jiografia ya Singida imekataa kutupa mahali pa kutupia mambo yetu. Labda ni fundisho kwamba kilicho cha bondeni ni cha wote, ila kinachelewa kuwafikia walio juu.

Tusije tukadhani kwamba wepesi huu wa kushirikiana ni wa kuzikana tu. Kaskazini mashariki mwa mji, katika miaka ya 1990, msitu wa Mgori, wenye zaidi ya hekta 40,000 za miombo na vichaka, ulikuwa unaelekea kuwa hifadhi ya serikali kama mingine mingi. Badala yake vijiji vitano vilivyouzunguka vikapewa nafasi ya kuusimamia vyenyewe, kila kimoja na sehemu yake. Wanavijiji wakakaa, wakatunga sheria ndogo, wakachagua walinzi kutoka miongoni mwao, na Mgori ukawa mmoja wa mifano ya mwanzo kabisa nchini ya misitu iliyo mikononi mwa wanavijiji. Haikuhitaji watu wa aina nyingine. Walikuwa wakulima na wafugaji kama wetu, wenye ugomvi wao wa mipaka na mifugo. Kilichobadilika ni kwamba safari hiyo walioitwa waliitwa kuamua, na walichokiamua waliweza kukiona kwa macho yao kila walipokwenda kuchanja kuni.

Wala msiba wenyewe tusiupake sukari. Una macho makali, una aibu zake, na wapo wanaokopa wasichoweza kulipa ili jina lao lisisomwe na sifuri mbele yake. Hatutamani mtaa uwe mahali pa kuaibishana namna hiyo. Tunachokitamani ni kile kitendo kimoja kidogo cha mtu kusimama mbele ya wenzake, akafungua ukurasa na kusoma bila kuruka mstari.

Kuna desturi ya mwisho ambayo watu wengi hawaitazami. Turubai likishafunguliwa na masufuria kurudishwa, daftari la msiba halitupwi. Wanakabidhiwa wafiwa, nao wanaliweka sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa na karatasi za shamba. Miaka mitatu baadaye jirani akifiwa, mama wa nyumba atalitoa, atapitisha kidole kwenye majina mpaka alifikie la yule jirani, aone alileta nini siku ile, kisha atafunga kanga yake na kutoka. Daftari la mtaa nalo lipo, kwenye kabati la ofisi, chini ya mhuri. Msiba una wafiwa wa kulipokea la kwake. Hili la mtaa, akabidhiwe nani?